Bosi mnyanyasaji: kuondoka leo, kujipanga kwanza, kuhama idara au kulalamika rasmi?

Anayenyanyaswa na bosi hupewa ushauri wa aina mbili. Kuna wanaomwambia, "Acha kazi, afya kwanza," na kuna wanaomwambia, "Vumilia, kazi siku hizi hazipatikani." Wote wanamtakia mema, ila hakuna kati yao atakayemlipia kodi ya nyumba mwezi ujao, wala atakayeamka badala yake saa nane usiku moyo ukimwenda mbio. Uamuzi huu una gharama kila upande, na gharama hizo hazifanani kwa mwenye akiba na asiye nayo, kwa anayefokewa na anayetishiwa kupigwa, kwa mwenye ushahidi na mwenye maumivu tu.

Njia zilizopo ni nne: kuondoka mara moja bila kazi nyingine mkononi, kubaki kwa muda huku unatafuta pa kwenda, kuhamia chini ya mkuu mwingine ndani ya taasisi ileile, na kulalamika rasmi. Niseme mapema kwamba kwa watu wengi naiona njia ya pili kuwa bora, kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau. Nitalifikia.

Ni mkali au ni mnyanyasaji?

Bosi mkali hukasirikia ripoti iliyochelewa. Atakuambia imechelewa siku ngapi na anataka nini, na ukiileta, jambo limekwisha. Mnyanyasaji ana shida na wewe. Ripoti ikiwahi, atasema umeilipua. Ikiwa nzuri, ataiwasilisha kama yake. Usipokosea, atafukua kosa la mwaka juzi na kulisoma mbele ya wenzako. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, kuna jambo ambalo ukilifanya vizuri zaidi ugomvi utaisha? Kama lipo na umeambiwa waziwazi, huyo ni mkali. Kama shabaha inahamishwa kila unapoikaribia, huyo ni mnyanyasaji.

Tofauti hiyo inaamua mengi. Na mkali mnaweza kuzungumza, na ukimkimbia huenda ukakutana na mwenzake huko uendako. Mnyanyasaji ukimweleza ni wapi hasa anakuumiza, mara nyingi umemwonyesha pa kupiga.

Japani ilipoweka sheria ya kuzuia unyanyasaji wa wakubwa kazini, iliyoanza kwa kampuni kubwa Juni 2020 na kwa kampuni ndogo na za kati Aprili 2022, serikali yake iliainisha sura sita: kumshambulia mtu kimwili, kumshambulia kwa matusi na vitisho, kumtenga na wenzake, kumtwika kazi isiyowezekana, kumpa kazi za chini mno kuliko uwezo wake au kumnyima kazi kabisa, na kuingilia mambo yake ya faragha. Hiyo ya tano ndiyo wengi hawaitambui. Mhandisi anayepangiwa kutoa fotokopi mwezi mzima, huku vikao vya mradi wake vikiendelea bila yeye, hatukanwi wala hafokewi na mtu. Akilalamika ataulizwa, "Sasa hapo tatizo ni nini, si mshahara wako unaingia?" Tatizo lipo, na linamla mtu polepole kuliko matusi.

Je, ni lazima jambo lijirudie? Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti wake Sweden, alihesabu unyanyasaji kuwa vitendo vinavyojirudia angalau mara moja kwa wiki kwa muda usiopungua miezi sita. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 2019, haukuweka kiwango hicho: hata tendo moja linahesabika. Basi usijiambie kwamba mara moja si kitu. Ila ujue kwamba mbele ya kamati au mwamuzi, mfululizo wa matukio yenye tarehe husikilizwa kuliko tukio moja linalosimuliwa kwa machozi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Kuondoka mara moja

Faida yake hakuna njia nyingine inayoifikia: kesho asubuhi hutamwona. Watu husimulia kwamba usingizi ulirudi ndani ya wiki chache na hamu ya chakula pia. Nafuu hiyo ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa.

Gharama zake huja kwa mafungu. Mshahara unakatika. Ukiondoka bila kutoa notisi, mikataba mingi inampa mwajiri nafasi ya kukudai mshahara wa kipindi hicho au kuukata kwenye stahiki zako. Katika nchi zenye fao la kukosa ajira, aliyeacha kazi kwa hiari mara nyingi hulikosa au huchelewa kulipata. Kuna gharama nyingine isiyoonekana siku ile: barua pepe ya ofisi hufungwa, na pamoja nayo ujumbe wote ambao ungethibitisha maneno yako. Aliyeondoka kwa hasira saa tano asubuhi, saa sita mchana tayari hana ushahidi.

Hata hivyo kuna hali ambazo sioni sababu ya kupiga hesabu. Bosi amekuinulia mkono. Bosi anataka ngono ili ubaki kazini. Unalazimishwa kusaini hesabu za uongo ambazo kesho zitakupeleka mahakamani wewe. Au umeanza kuwaza kwamba ingekuwa heri usiwepo duniani. Hapo toka, na kama ni hilo la mwisho, mwambie mtu leo hii, mtu wa karibu na daktari, kabla ya kufikiria barua yoyote ya kazi.

Lakini kutoka kwenye hatari na kuacha kazi ni mambo mawili. Mkataba Na. 190 unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe kwamba mfanyakazi ana haki ya kujiondoa mahali penye hatari kubwa na ya karibu kwa uhai, afya au usalama wake inayotokana na ukatili au unyanyasaji, bila kulipiziwa kisasi, na kwamba ana wajibu wa kuujulisha uongozi. Likizo ya ugonjwa inayoandikwa na daktari hufanya kazi inayokaribiana na hiyo: inakutoa machoni pa bosi, mshahara au sehemu yake ikaendelea, na unapata siku za kufikiri kichwa kikiwa kimetulia. Wanaokata shauri wakiwa likizo hukata vizuri kuliko wanaokata shauri wakiwa mlangoni mwa ofisi ya bosi.

Kubaki huku unatafuta pa kwenda

Hii ndiyo njia ninayoiona bora kwa walio wengi, na sharti lake ni tarehe. Chagua siku kwenye kalenda, iandike, na mwambie mtu mmoja unayemwamini: ikifika siku hiyo naondoka, nikiwa nimepata kazi au sijapata. Bila tarehe, kubaki ukitafuta hugeuka kuwa kubaki tu. Mwezi wa kwanza unatuma maombi matano, mwezi wa pili mawili, wa tatu umechoka kiasi kwamba kufungua wasifu wako kunakuumiza, kwa sababu kila mstari unaousoma unausikia kwa sauti ya bosi. Mtu aliyeambiwa kila siku kwamba hafai huandika barua ya maombi dhaifu, na usaili anauingia ameinamisha kichwa. Gharama kubwa ya njia hii ndiyo hiyo: inakutaka ujiuze vizuri katika kipindi ambacho unajiona hufai.

Kwa hiyo anza na watu kabla ya maombi. Tafuta wale waliowahi kufanya kazi nawe kabla ya bosi huyu, waliokujua ukiwa sawa. Watakukumbusha ulichokifanya, na baadhi yao ndio watakaopigiwa simu kuulizwa habari zako badala ya bosi wa sasa. Tumia simu na kompyuta yako mwenyewe, si ya ofisi. Usimwambie mfanyakazi mwenzako, hata yule mnayekula naye mchana, mpaka barua iwe mkononi.

Wakati huohuo punguza upana wa uwanja anaokuchezea. Maagizo ya mdomo yageuze maandishi: "Kama tulivyozungumza asubuhi, nitakamilisha orodha hii Ijumaa na ile nyingine itasubiri Jumatatu. Kama nimekuelewa vibaya naomba unijulishe." Ujumbe kama huo hauna ugomvi ndani yake, na una thamani kubwa siku atakapokana. Ukiweza, usikutane naye faragha.

Na uwe na daftari. Andika siku ileile: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani walikuwepo, ulifanya nini baadaye. "Alinidhalilisha tena" haimsaidii mtu. "Jumanne saa nne, kikao cha mauzo, alisema mbele ya watu saba, 'Wewe sijui nani alikuajiri,' kisha akaichukua faili yangu akampa mwingine" inasimama yenyewe. Daftari likae nyumbani. Hapa nisisitize: usibebe orodha za wateja, mikataba au siri za kampuni kwa jina la ushahidi, wala usizitume kwenye barua pepe yako binafsi. Mwajiri atashika hilo, na kesi itahama kutoka kwa bosi ikaja kwako. Chukua kinachokuhusu wewe: mkataba wako, hati za mshahara, tathmini zako, barua ulizoandikiwa.

Kuhama idara

Njia hii haizungumzwi sana, ingawa katika taasisi kubwa ni nzuri mno. Mshahara unaendelea, miaka yako ya utumishi haipotei, na huingii gharama za kuacha kazi. Inafaa pale tatizo lilipo kwa mtu mmoja na utamaduni wa mahali pengine ndani ya taasisi ni mzuri. Haifai kama bosi huyo ndiye anayesaini uhamisho wako, kama mkuu mpya ni rafiki yake, au kama mwenye kampuni ndiye mnyanyasaji mwenyewe. Kwenye ofisi ya watu wanane hakuna pa kuhamia. Ukiomba, omba kwa sababu ya kazi unayokwenda kuifanya, na usianze kwa kumshtaki unayemwacha.

Kulalamika rasmi

Utafiti wa kwanza wa dunia nzima kuhusu jambo hili, uliotolewa na ILO mwaka 2022 pamoja na Lloyd's Register Foundation na Gallup, uliwafikia karibu watu 75,000 katika nchi 121. Zaidi ya mmoja kati ya watano walio kazini alisema amewahi kukutana na ukatili au unyanyasaji kazini wa aina moja au nyingine, na kati yao ni takriban nusu tu waliomwambia mtu yeyote, wengi wao wakiwaambia ndugu na marafiki kabla ya mwajiri. Sababu mbili za kunyamaza zilitajwa kuliko nyingine: kuona ni kupoteza muda, na kuhofia majina yao.

Siwezi kuwaambia watu hao kwamba hofu yao haina msingi. Idara ya rasilimali watu inalipwa na mwajiri, na kazi yake ya kwanza ni kumlinda mwajiri. Mara nyingine kumlinda mwajiri na kukulinda wewe hukutana, hasa pale bosi anapokuwa ameshalalamikiwa na wengine, wafanyakazi wazuri wanaondoka mmoja baada ya mwingine, au kuna hatari ya kesi. Mara nyingine havikutani, na hapo utaombwa "muelewane" na mtu anayekutesa.

Kuna mahali ambapo mateso yanatoka juu kabisa. Mwaka 2019 mahakama ya Paris iliwatia hatiani viongozi wa zamani wa France Télécom, kampuni ya simu ya Ufaransa, pamoja na kampuni yenyewe kwa unyanyasaji wa kitaasisi: mpango wa kupunguza wafanyakazi 22,000 uliendeshwa kwa kuyafanya mazingira ya kazi kuwa magumu ili watu waondoke wenyewe, na miongoni mwa wafanyakazi walioguswa kulikuwa na waliojiua. Pale mnyanyasaji ni sera, malalamiko ya ndani yanamfikia aliyeitunga. Kinachosaidia hapo kiko nje: chama cha wafanyakazi, mkaguzi wa kazi, mwanasheria.

Wanaofaulu katika njia hii, kwa ninavyoona, wana mambo matatu. Wanalalamika mapema, kabla bosi hajawaandikia barua za onyo, maana baada ya hapo malalamiko yao husomwa kama kisasi. Hawako peke yao. Wapo wawili au watatu waliokubali kuandika majina yao. Tena wanaomba kitu kinachoeleweka: "Naomba niripoti kwa mkuu mwingine wakati uchunguzi ukiendelea" ni ombi. "Naomba haki itendeke" ni kilio, na kamati haijui ifanye nini nacho.

Kuondoka kwa kulazimika

Kuna hali ya katikati ambayo wengi huijua wakiwa wameshachelewa. Katika nchi nyingi, aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isikalike anaweza kuhesabiwa kwamba ameachishwa, ingawa barua ameiandika mwenyewe. Nchini Uingereza, hukumu ya kesi ya Western Excavating dhidi ya Sharp ya mwaka 1977 iliweka msingi: mwajiri awe amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa, mfanyakazi awe ameondoka kwa sababu hiyo, na asiwe amekaa muda mrefu baada ya hapo kana kwamba ameikubali hali.

Tazama jinsi hili linavyogongana na njia ya pili. Kujipanga kwa miezi sita kunailinda mifuko yako, lakini kunaweza kuidhoofisha kesi yako, kwa sababu mwajiri atauliza: kama hapakukalika, ulikaaje? Na barua inayosema "naacha kazi kwa sababu binafsi, nashukuru kwa fursa" inaweza kuiua kesi siku hiyohiyo. Muda wa kufungua shauri nao hutofautiana sana: Tanzania na Afrika Kusini, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwenye tume ya usuluhishi ndani ya siku 30, wakati sheria ya Kenya inatoa miaka mitatu kufungua kesi. Kama unafikiria kudai chochote, onana na mwanasheria wa kazi au chama chako kabla ya kuandika barua. Baada ya kuiandika atakuwa anakuhurumia tu.

Zikiwekwa kando kwa kando

Kwa fedha, kuhama idara ndiko kunakogharimu kidogo, kisha kubaki kwa tarehe. Kuondoka mara moja ni ghali kuliko zote. Kulalamika kunaonekana bure, lakini uchunguzi unaweza kuchukua miezi, na wakili akiingia hesabu inabadilika.

Kwa afya, mpangilio unageuka. Kuondoka mara moja kunaponya haraka. Kubaki kunaumiza, ingawa mtu mwenye tarehe huumia tofauti na asiye nayo: matusi yaleyale humpata mtu ambaye moyoni ameshaondoka. Kulalamika ndiko kunakochosha kuliko kote, kwa kuwa unasimulia jambo lilelile mara nne kwa watu wanaokutilia shaka, huku bosi bado anapita mbele ya meza yako.

Kwa haki yako, kulalamika kwa maandishi kuna nguvu hata usiposhinda, maana kumbukumbu inabaki. Kwa jina lako sokoni, watu huhofia kupita kiasi. Miezi mitatu isiyo na kazi kwenye wasifu inaelezeka. Miaka mitatu chini ya mtu aliyekuandikia tathmini mbaya kila mwaka ni ngumu zaidi kuieleza.

Basi ningechagua hivi. Kama usalama wako uko hatarini, ondoka au jiondoe kwa likizo, mengine baadaye. Kama una akiba ya kukuvusha miezi minne au mitano na mwili umeanza kukataa, ondoka kwa notisi ya heshima na usione aibu. Kama huna akiba na watu wanakutegemea, weka tarehe. Kama uko taasisi kubwa na bosi huyo anajulikana, jaribu uhamisho kwanza. Malalamiko rasmi yafanye ukiwa na karatasi na wenzako. Kama huna vyote viwili, vitafute kwanza, au jiandae kwamba utakayeondoka ni wewe.

Anayekaa kwa kudhani bosi atabadilika namwonea huruma kuliko wote. Bosi anayeona kwamba dhuluma yake haimgharimu kitu hana sababu ya kubadilika.

Ikifika siku ya barua, kama hudai kitu, iandike fupi: tarehe ya mwisho kazini, notisi unayotoa, na kazi utakazozikabidhi. Omba kwa maandishi hati ya utumishi na hesabu ya likizo ulizobakiza. Ukipewa karatasi yoyote ya kusaini siku hiyo, nenda nayo nyumbani ukaisome. Maneno "sina madai yoyote dhidi ya mwajiri" hukaa chini kabisa, mstari wa mwisho juu ya sahihi. Na kwenye usaili ukiulizwa kwa nini uliondoka, usimtaje bosi. Sema kazi uliyokuwa ukiifanya, hatua unayoitaka sasa, na kwamba mahali ulipokuwa hapakuwa na nafasi ya kuifikia. Hakuna neno la uongo hapo, na anayekusaili hahitaji zaidi.